Kumbukumbu ya Haidari Isihaka, Fundi Aliyeunda Baiskeli ya Kwenda Kibondo

Mwaka umezunguka, mpendwa wetu Haidari, tangu utuage pale nyumbani Kasulu, na bado watu wanasimama barazani kumuulizia fundi. Tunawaambia fundi amepumzika. Wengine hukaa kidogo, wakasimulia ulivyowatengenezea baiskeli huku unaimba, kisha wanaondoka wanacheka. Ndivyo ulivyotuachia msiba wako: mtu anakuja kulia, anaondoka na kicheko.

Ulikuwa mtu wa mambo yako. Ukiletewa baiskeli uliisalimu kwanza yenyewe kwa Kiha, "Mwakeye," ndipo ukamgeukia mwenye mali. Hukuweza kupita kipande cha chuma njiani bila kukiokota. Mkeo, Mama Firdausi, alikuwa hafui kanzu yako kabla ya kutoa nati na gololi mifukoni.

Leo tunataka kuikumbuka zaidi ile baiskeli.

Daktari alipokwambia moyo umetanuka na vilima basi, ulirudi nyumbani. Tulidhani utalala. Ukaingia uani kukata mabomba ya chuma. Tangu ujana ulikuwa ukitamani kuunda baiskeli ya mbio kwa mikono yako, kuanzia bomba tupu, uiendeshe hadi Kibondo ulikozaliwa. Mkeo Adija alikuuliza, "Baba Firdausi, umesikia alichosema daktari?" Ukamjibu, "Kasema nisipande vilima. Hajasema nisichomelee."

Siku za soko ulikwenda Makere kukutana na rafiki yako Josué, yule Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyejifunza Uvira kuunganisha chuma kwa shaba. Mlisugua maungio kwa tupa mpaka mwanga haupiti, mkapasha moto hadi shaba ikazama ndani kama samli kwenye wali. Foku ya kwanza, ule uma wa gurudumu la mbele, ilipasuka mlipoijaribu kwenye mteremko. Wewe ulinuna. Josué akaichukua, akaikata vipande viwili mbele yako ili usije ukashawishika kuiziba.

"Mukubwa," akasema, "hii kinga, hii baiskeli, itabeba mutu. Tunaanza tena."

Mkaanza tena, na fremu ikatoka nyembamba, nyepesi, imenyooka kama mshale.

Vipuri vipya hukuvitaka. Ulisema vinang'aa tu. Ulijua kwamba kule Kibondo Mzee Tharsisi, tarishi mstaafu, ameitundika darini baiskeli ya mbio aliyoachiwa na padre mmoja zamani, fremu imeliwa na kutu lakini vilivyobaki vizima: usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, kiti cha ngozi, krenki nyembamba, na gia za kuhamishwa kwa vijiti viwili ubavuni. Ulipanda basi ukaenda kumwomba. Mzee alikutazama sana.

"Nikupe, viende kuozea kwenye benchi lako?"

"Haviozi, Mzee."

"Basi sikia. Hiyo baiskeli yako iletwe hapa mlangoni kwangu kutoka Kasulu, kwa miguu ya mtu. Ikifika, vipuri ni mali yako. Isipofika, unanirudishia kila kitu, hata skrubu."

Ulirudi na gunia begani na uso umekunjamana. Ulikuwa ukiifikiria miguu yako mwenyewe, na ulijua kwamba kwa moyo ule haiwezekani. Firdausi, binti yako mwalimu, alikuwa amekuja kutoka Makere kwa mapumziko ya wikiendi. Alilifungua gunia, akakishika kile kiti cha ngozi, akakuangalia.

"Nitaiendesha mimi, Baba."

"Vile vilima unavijua?"

"Navijua. Nimevipanda mara nyingi nikiwa nimelala ndani ya basi."

Adija akadakia kutoka jikoni, "Mwalimu wa watu mzima, uinamie usukani namna hiyo barabarani?" Ulicheka mpaka ukashika kifua, nasi tukaogopa, halafu tukacheka pia.

Vipuri vilipokwisha kufungwa, siku ya safari mlitoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia migomba. Firdausi mbele, wewe nyuma yake ndani ya pikapu ya mdogo wako Badru, kichwa chako nje ya dirisha muda wote. Baiskeli ilikuwa haipigi kelele. Firdausi anasema alisikia pumzi zake tu na mnyororo ukinong'ona, na kila alipoinama kwenye mteremko alihisi chuma kikimwitikia, kama kinajua anakotaka kwenda. Watoto walitoka mashambani wakimkimbilia, "Mwalimu! Mwalimu!" ingawa hawakuwa wanafunzi wake. Wewe ukawapungia mkono kama mgeni rasmi.

Balaa likaja kwenye kilima kirefu, Kibondo ikiwa imekaribia. Waya wa gia, mkuukuu kuliko Firdausi, ulikatika. Mnyororo ukarukia gia nzito kuliko zote, naye akasimama katikati ya mwinuko. Jua lilikuwa kali. Alikaa chini kwenye majani, misuli ya mapaja imemkaza.

Badru alishuka garini, akatazama huku na huku. "Kaka, tuipakie nyuma. Tutaishusha kwenye kona ya mwisho. Nani atajua?"

Ulichuchumaa mbele ya binti yako, ukamfuta jasho kwa ncha ya kanzu.

"Mwanangu, mimi nimesharidhika. Nimeiona ikitembea. Panda gari, twende tukamrudishie mzee vitu vyake."

Firdausi alikuona macho yako yamelowa. Anasema mpaka dakika ile alikuwa akiendesha kwa ajili yako. Aliposikia maneno hayo aligundua kwamba na yeye anaitaka ile baiskeli ifike, anaitaka kweli, kama anavyotaka maji.

"Mimi sijaridhika, Baba. Ifunge kwenye gia nyepesi."

Ukacheka peke yako pale barabarani. Ukatoa koleo na waya mfukoni, ukauvuta mnyororo hadi kwenye gia nyepesi, ukaifunga isihame tena. Firdausi akanyoosha miguu, akapanda. Polepole, kama anayepanda ngazi, huku wewe ukipiga bodi la pikapu kwa kiganja na kupaza sauti, "Kanyaga, mwalimu! Kanyaga, mama!" mpaka sauti ikakukauka. Alipofika kileleni hakusimama.

Mzee Tharsisi alikuwa mlangoni na koti lake la sherehe, pamoja nasi tuliotangulia kwa basi. Hakusalimia mtu. Alipitisha vidole kwenye maungio, akazungusha gurudumu, akatega sikio.

"Mbona gia imefungwa waya?"

"Nyingine zimefia njiani, Mzee," ukasema.

"Hata mimi goti linalofanya kazi limebaki moja. Nishikieni fimbo."

Kabla hatujamzuia alikuwa juu ya kiti. Akateremka uwanjani kwake koti likipepea, majirani wanamkimbiza wakipiga kelele, "Babu! Babu, breki!" Akaizunguka nyumba, akarudi, akasimama sawasawa miguuni pako.

"Vipuri ni vyako, fundi. Ila uniletee kila Pasaka, nami nipate zamu."

Halafu tukakupandisha wewe. Firdausi upande huu, Badru upande ule, wakakusukuma kuuzunguka uwanja, miguu yako imetulia kwenye pedeli, kofia imeteleza kisogoni. Kibondo yako yote ilikuwa inakutazama. Hatukuwahi kukuona na furaha ya namna ile, Haidari, na Mungu atusamehe, tunaamini siku ile ulipona kidogo.

Ulitutoka mwishoni mwa mvua, Ijumaa, umekaa kwenye kiti chako, kama mtu anayesikiliza. Josué aliomba kibali cha kutoka kambini akaja na mkewe Chantal, akashika jembe makaburini pamoja na ndugu zako, naye hakukubali mtu ampokee.

Sasa tukupe habari ambayo hukuipata. Mwezi huu Adija, mkeo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukalia baiskeli, alimfuata Firdausi Makere na kumwambia amfundishe kuiendesha ile baiskeli yako. Wakaingia kiwanja cha shule watoto walipokwisha kwenda makwao. Alianguka kwenye mihogo ya mwalimu mkuu. Akaanguka tena. Mara ya tatu Firdausi aliachia kiti bila kumwambia, na mkeo akaenda peke yake hadi golini, khanga inaruka, akipiga vigelegele mwenyewe. Hakujua kusimama. Ilibidi akumbatie nguzo ya goli.

Unakumbukwa na mkeo Adija, binti yako Firdausi, mdogo wako Badru na watoto wake, rafiki zako Josué na Chantal, Mzee Tharsisi wa Kibondo, na wote uliowasalimia baiskeli zao kabla yao.

Mungu akulaze pema, Haidari. Maadamu tupo, hutasahaulika.