Chiriku Amerudi Kutambaa

Nyumba ya geti la kijani,
nyuma ya karakana ya magodoro.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kimbaumbau wangu,

Hujambo huko, dada? Kile kikohozi kimekuacha? Na shemeji, bado anasema soda ataacha kesho? Sisi wazima, tunakula, tunagombana, tunacheka. Najua utasema fundi simu gani huyu anaandika barua! Kwenye simu ungenikatiza, ndiyo maana. Halafu watoto wote wawili wamelala kwa wakati mmoja, na bahati ya namna hii haichezewi.

Nina jambo, na nalitanguliza nisije nikapotelea kwenye porojo kama kawaida yangu. Mama, yaani mama yako mdogo, anataka kumchukua Chiriku akakae kwake, eti mpaka huyu mdogo apate akili. Anakuja mwisho wa mwezi, na jibu analitaka.

Chiriku ulimwacha mgongoni mwangu. Sasa anakaribia miaka mitatu na mdomo haufungi. Mdogo wake hujamwona. Jina analo, ila humu ndani tunamwita Katapila, maana tangu ajue kutambaa anasomba kila kilicho mbele yake: ndala, sufuria, mkia wa paka wa jirani. Siku hizi anashika kiti, anasimama, anakisukuma chumba kizima huku ananguruma.

Na kazi yangu unaijua. Bado nafungua simu hapahapa sebuleni, ufundi niliojifunza kwa kuharibu zangu mwenyewe. Skrubu zake ni kama vichwa vya pini, na Katapila akiona kinachong'aa, safari ni mdomoni. Nikapandisha meza juu ya matofali, sasa nafanya kazi nimesimama. Mume wangu akirudi kutoka kuoka mikate ananicheka: "Mchungaji, mahubiri ya leo yanahusu nini?" Namwambia yanahusu wanaume wasioosha vyombo.

Sasa sikia kosa letu. Katapila alipotambaa mara ya kwanza tulipiga makofi mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Utamu ukatukolea. Akisogea, makofi. Akishika kiti, vigelegele. Siku moja nageuka, Chiriku naye yuko chini kwa magoti, anamfuata mdogo wake. Tukacheka. Kesho yake tena. Kesho kutwa akakataa kusimama kabisa, na maneno yake yote akayafungia kabatini. Ukimuuliza kitu anajibu "bababa". Chiriku, Kimbaumbau! Mtoto aliyekuwa anaongea hata usingizini!

Mama alipomkuta sakafuni hivyo, akaniangalia mimi.

"Una mikono miwili tu, na yote iko kwenye simu za watu. Nipe huyu mkubwa."

"Mama, huyu si mzigo."

"Nani kasema mzigo? Nimesema mjukuu wangu."

Ndiyo ubaya wa Mama, anakupiga kwa upendo.

Jana nikajaribu langu. Nikaacha simu ya mteja tumbo wazi, nikapiga magoti nikatambaa nao. Tukazunguka meza, tukapita uvunguni mwa kitanda, Katapila akiongoza msafara. Mwenye simu, mwalimu mmoja anayejiheshimu, akaingia akanikuta nimeshika mkia. Akavuta kiti, akasubiri. Tulipofika mlangoni Chiriku akakaa, akanitazama, akasema kwa sauti yake ileile: "Mama, magoti yanauma." Akanyanyua mikono nimbebe.

Nikambeba. Mzito, dada! Na hapo ndipo kikaniingia kisu, maana sikukumbuka mara ya mwisho nilimbeba lini.

Leo asubuhi katambaa tena, lakini kidogo. Halafu akasimama mwenyewe kwenda kumnyang'anya mwenzake kijiko, tena kwa matusi kamili ya kitoto. Sijui ndiyo anapona au anapumzika tu. Baba yao ananiachia mimi niamue. Na Mama hajakosea yote: kwake kuna uwanja, kuna kuku, kuna mtu wa kumsikiliza kutwa. Ila nikimwondoa sasa hivi, si ndiyo nimemthibitishia kwamba mdogo amemfukuza?

Nisalimie shemeji, na mapacha, na yule wifi yako mwenye cheko la trekta. Mola akupe afya, na akuongezee usingizi, maana mimi wangu wameshagawiwa wengine.

Nimekuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyepelekwa kwa Bibi wakati mdogo wako alipoanza kutambaa, ukarudi umeng'oka meno ya mbele. Ukoo mzima husema ulikuwa na raha huko. Hakuna aliyewahi kukuuliza wewe. Basi nakuuliza mimi: ungekuwa kwenye nafasi yangu, Mama amesimama mlangoni na Chiriku anatutazama wote wawili, ungefanyaje?

Wako akupendaye bila breki,
Kiroboto