Kidole cha Prisca

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo miaka arobaini na minne tangu masika yaporomoshe kitongoji chetu kule Mgeta. Nimehesabu mara mbili. Nyumba hii ya Mafiga niliipanga kwa miezi mitatu — nipo bado. Milima naiona dirishani, mawingu yasipoifunika.
Gego la chini kulia linauma. Kesho kliniki.

Jumanne, 6 Mei
Daktari Hafidhi. Kijana, mpole. Hataki kung'oa, atasafisha mzizi. Picha ya eksirei moja leo, nyingine mwishoni. Msaidizi wake, Prisca, akaniwekea filamu mdomoni na kuibana kwa kidole chake. Daktari akatoka, akabonyeza kitufe nje ya mlango. Prisca hakutoka.
Miaka kumi na tisa nilipiga picha hospitali ya misheni, za meno pia. Nilishika hivyohivyo. Kidole changu cha shahada cha kulia kilikatwa mwaka 1998, mionzi ilikuwa imekila. Leo sikusema kitu. Mdomo ulikuwa umejaa.
Prisca naye ni wa Mgeta. Alinijua kwa lafudhi — eti nasema kama bibi yake. Mezani kwake kipande cha udongo wa kula, kimeng'atwa. Mimba, basi.

Ijumaa, 9 Mei
Leo hakuna picha. Amesafisha, akaziba kwa dawa ya muda. Nilipoweza kufunga mdomo nikamwambia daktari habari ya kidole changu. Alisikiliza, hilo simnyimi. Akasema mionzi ya meno ni kidogo mno. Nikasema mgonjwa anapigwa mara moja. Prisca anapigwa pamoja na kila mgonjwa. Akafungua droo, akatoa ripoti za beji inayopima mionzi ya mfanyakazi.
"Mzee, jionee. Mwaka mzima, hamna kitu."
Nikauliza beji iko wapi. Ipo! Msumarini, nyuma ya mlango wa ofisi yake, isije ikapotea. Mwaka mzima imepima ukuta.
Akazirudisha ripoti drooni. Halafu akasema chuoni habari za mionzi walipewa mihadhara miwili, na mtihani haukuiuliza. Ataagiza kishikio cha filamu Dar. Kwa sasa wagonjwa watashika wenyewe.
Mimba sikuitaja. Si yangu kuisema.

Jumatano, 14 Mei
Prisca kapita akitoka kazini, na fungu la njegere za kwao. Beji sasa anaivaa. Kishikio hakijafika. Vijana wanashika wenyewe. Wazee mikono inatetemeka, picha inaharibika, anaitwa yeye. Nikauliza kwa nini hamwambii daktari hali yake.
"Babu, nikisema, kesho ataweka mwingine. Na huyo naye atashika."
Tulimenya njegere.

Alhamisi, 15 Mei
Miadi saa nne. Imebaki kujaza mzizi, na picha ya mwisho kuona kama umejaa.
Asubuhi nimejaribu mbele ya kioo, kijiko kidogo badala ya filamu. Mkono wa kulia hauna kidole. Wa kushoto unatetemeka. Kijiko kimeanguka mara tatu — ataitwa Prisca.
Saa nne na robo, simu. Prisca — daktari anauliza babu uko wapi, kiti kiko tayari. Nimesema mvua imenizuia. Hakuna mvua. Milima iko wazi mpaka kileleni.
Jino linapwita. Dawa ya muda itadumu wiki mbili, labda tatu. Simu inaita tena.
Sitarudi.