Mama Mkwe Aliniita Nikiwa Kwenye Video

Mpendwa Dada Mshauri,

Nakusalimu, na naomba msaada wako ingawa moyoni naona kama msaada wenyewe haupo tena. Mimi ni mke wa mwenye duka hapa Karatu, nina miaka ishirini na tisa na watoto wadogo, na mume wangu Abbasi ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniua.

Tuliishi na mama yake, Bi Chausiku, ambaye macho yalimzimika kwa mtoto wa jicho, na kwa miaka miwili kazi yangu tamu kuliko zote ilikuwa kumsomea riwaya baada ya sala ya alasiri, vitabu nilivyoazima maktaba ya kata, naye alikuwa hasikilizi kimya hata kidogo, atabishana na watu wa kitabuni, atasema, "Huyo mwanamume muongo, hebu geuza ukurasa tumwone anavyoumbuka," nasi tunacheka mpaka wateja dukani wanauliza kuna nini.

Mwezi wa pili mwaka huu Abbasi akaleta kutoka Arusha televisheni na mashine ya video, na jenereta la kuziendesha, maana umeme hatuna, na nakuambia ukweli Dada, nilipotea. Picha inatembea yenyewe, husomi, huchoki, unakaa tu, nikawa naangalia kila jenereta likiwashwa, picha za Kihindi za saa tatu nzima ambazo lugha yake sijui hata neno, na kitabu cha mama tulichokuwa tumefika katikati yake kikabaki dirishani, akiniuliza namwambia, "Kesho, mama," na hiyo kesho namwambia kesho, mwisho akaacha kuuliza. Hata kile kimchezo cha betri ambacho mtalii mmoja alimwachia Abbasi, cha kudaka mipira kwa kubonyeza, nilikibonyeza mpaka kidole kikavimba, mama amekaa pembeni anasikia tii-tii tu.

Jumamosi moja mchana, Abbasi yuko Arusha kufuata bidhaa, nilikuwa sebuleni na jirani yangu Naisula, ambaye hutuletea maziwa, tunaangalia picha ya mama aliyetelekezwa na mwanawe, mimi nalia machozi kwa ajili ya yule mama wa kwenye kioo, ndipo nikasikia kutoka chumba cha nyuma, "Mwanangu, njoo." Sikuinuka. Akaita tena. Naisula akanigeukia akasema, "Bibi anakuita." Nikamwambia, "Nimesikia, inakaribia kuisha." Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo, Naisula akainuka, mimi nikamshika mkono nikamwambia, "Kaa bwana, anataka kusomewa tu huyo."

Picha ilipoisha nikaenda. Alikuwa nusu kitandani nusu chini, mkono umenyooka kuelekea mlangoni, ameshakufa. Mganga wa zahanati alisema ni moyo.

Sasa kila mtu ananisifu. Abbasi anawaambia watu msikitini kwamba hata binti wa kumzaa asingemtunza hivyo. Wifi yangu Kurwa, anayefanya kazi Wasso, hakuwahi mazishi kwa ubovu wa barabara, alifika siku ya pili yake, akanishika mabega akaniuliza, "Wifi, alisema nini mwisho?" nami nikamjibu, "Alikutaja wewe." Alilia, akanishukuru. Naisula bado analeta maziwa, lakini anayaweka kizingitini na kuondoka. Video siwezi tena kuiangalia, na kitabu nikikifungua naisikia ile sauti, najikuta najibu "nakuja", watoto wananishangaa. Arobaini inakaribia na Abbasi anasema atasimama mbele ya watu wote anishukuru. Nikimwambia ukweli nitampoteza, nisipomwambia nitaoza nikiwa hai. Nifanye nini?

Mwenye Majuto, Karatu

*

Mwenye Majuto,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili chai yangu ilipoa mezani. Sasa nisikilize.

Usiilaumu video. Ninazo hapa barua za watu walioacha chungu kiungue na mtoto alie kwa sababu ya riwaya. Mashine haikumshika Naisula mkono. Uliyemshika ni wewe. Uliitwa, ukasikia, ukakaa. Hilo ni lako na sitakupunguzia hata chembe. Lakini usijitwike na lisilo lako. Hujui kama ungemwahi. Moyo ukisimama, pengine hata daktari aliyeko chumbani asingefanya kitu. Ungemshika mkono tu, asife peke yake. Hicho ndicho ulichomnyima, na hakirudi, na mimi sina dawa yake.

Unachoweza kuzuia ni zile sifa. Ukikaa kwenye arobaini ukishukuriwa, utakuwa umemkosea mara ya pili, tena kwa kukusudia. Majina yenu nimeyabadili, lakini mashine za video hapo Karatu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nawe ulilijua hilo ulipobandika stempu. Nadhani umechoka kujificha. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, na gazetini nimelichelewesha wiki mbili. Zitumie.

Mwambie Abbasi mchana, ameshakula, duka limefungwa. Usianze na machozi, maana ukilia atakubembeleza, na huendi pale kubembelezwa. Akikasirika usijitetee. Akikwambia uende kwenu kwa muda, nenda. Kwamba atakusamehe, siwezi kukuahidi, huenda asikusamehe. Naisula naye kamwombe radhi, kwa sababu ulimfanya mshirika wa jambo ambalo yeye alitaka kulizuia.

Halafu Kurwa. Wapo watakaokushauri umwachie uongo wako kwa kuwa unamfariji. Mimi nakataa. Kaka yake akishajua, naye atajua, na heri alisikie kwako. Panda basi la Wasso, umeze vumbi la siku nzima, ukakae mbele yake umwambie kwamba mama hakumtaja mtu, aliita tu, na wewe hukwenda. Usimwandikie barua. Mimi umeniandikia kwa sababu hunijui sura; Kurwa ana haki ya kukutazama usoni unapolisema.

Dada Mshauri