Jumamosi ya Mahari Yako

Nchiru, Jumatatu

Kwako dada Rwamba,

Mvua imeanza na hosteli inavuja. Naandika kwa sababu nikipiga simu utasema hutaki kunisumbua.

Picha za mahari yako nimeziona Facebook, kama mtu baki. Hata shangazi wa Embu alifika nyumbani Kiambere. Mama anasema hamkuniita kwa kuhofia kuvuruga masomo yangu. Ni kweli kila mkipiga nawaambia niko bize, maana nikitoka darasani naenda kuosha vyombo hotelini. Lakini Jumamosi hiyo sikuwa na kazi yoyote. Nilipika githeri, mahindi na maharagwe, sufuria nzima, kama tunavyopika nyumbani, nikamgongea jirani yangu Makandi tule pamoja. Hakufungua mlango. Alisema yuko bize.

Hongera, dada. Hiyo githeri naila mpaka leo.

Mdogo wako,
Njura