Sabufa na Saa ya Sauna

Kuopio, 14 Mei

Dada yangu mpendwa Orvokki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini nyonga haikusumbui sana, na kwamba shemeji Martti ameshapanda viazi vyake, maana najua hangoji mtu. Mimi mzima, ila kwa jambo moja ambalo nitalifikia.

Kadi yako imefika. Umeandika kwamba baada ya mazishi ya mama uliniuliza kwa simu kama ni kosa lako yeye kufia kwenye nyumba ya wazee, nami nikajibu ndiyo, na tangu siku hiyo sijapokea simu yako hata moja. Unataka kujua kama bado nakulaumu. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, koti mwilini. Jibu utalipata, lakini niruhusu nianzie kwenye sabufa, kwa sababu bila hiyo nisingepata ujasiri wa kuandika.

Ndiyo, mwezi Novemba nilinunua sabufa, ile spika ya besi, kasha jeusi karibu sawa na mashine ya kufulia. Teuvo, niliyefanya naye kazi kiwanda cha karatasi, ndiye aliyekuja kunisaidia kuifunga. Nilidhani unaichomeka, unaiwasha, basi. Kumbe kila chumba kina mahali besi inapojaa na mahali inapokufa, na njia ya kupajua ni kuiweka sabufa kwenye kiti chako mwenyewe, kupiga muziki uleule, halafu kutambaa kandokando ya kuta mpaka upate inaposikika safi. Hapo ndipo unaihamishia. Mzee mzima wa miaka sitini na mbili natambaa, na Teuvo ananiuliza, "Vipi bwana, meno ya bandia yamedondoka?" Kwenye kona ilivuma ovyo, mahali pake pakawa kati ya rafu ya vitabu na mlango wa roshani.

Siku ya tatu nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ngazi, haina jina: "Kuna mtu anatingisha vikombe vyangu kabatini. Anajijua." Nilijua ni Bi. Sorvali wa ghorofa ya chini yangu. Unatujua tulivyo, hatumgongei jirani mlango labda nyumba iwe inaungua. Nami sikumgongea. Nilikwenda kusoma orodha ya zamu za sauna, lile bafu la mvuke la uani tunalotumia wapangaji wote, nikaona yake ni Jumatano, saa kumi na mbili hadi saa moja jioni. Basi kila Jumatano, tukishamwona dirishani anavuka uani na taulo begani, Teuvo na mimi tulikuwa na saa moja ya kurekebisha.

Jumatano nyingine tulishughulika na ukubwa wa sauti tu. Nyingine tukatafuta zile spika ndogo zishuke hadi sauti nzito kiasi gani, na sabufa ipokee kuanzia hapo. Nyingine ikaishia kwenye swichi ya nyuma, ile inayozifanya zisukume pamoja badala ya kupingana. Kazi ya siku moja ilimaliza majira yote ya baridi, na nakiri niliyafurahia.

Mwishoni mwa Machi Teuvo alileta sauti ya majaribio. Inaanza chini kabisa, unaipokea kwa nyayo, kisha inapanda polepole hadi wembamba wa mbu. Ilipoisha niliinuka kumimina kahawa, nikasema mambo yametulia.  Teuvo alikuwa anaitazama spika, kisha akanitazama mimi. "Aulis," alisema, "bado inalia." Nikamwambia aache utani. Akanisogezea kipimo cha sauti, na mshale ulikuwa umesimama juu. Tulikunywa kahawa, akaaga. Wiki iliyofuata aliacha namba ya kliniki ya masikio chini ya kikombe chake, tukaendelea na sabufa.

Dada, nilijifanya kushangaa. Nimejua kwa miaka miwili. Daktari alinieleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, na kwamba kwenye simu ndiko nitakakopotea zaidi. Karatasi yake nikaitia kwenye droo. Sabufa niliinunua kwa sababu besi inaingia hata kwa miguu na kifua, nikadhani hiyo itanitosha. Niliona heri nionekane mwenye kiburi kuliko nionekane kiziwi.

Siku ile uliponipigia, nilisikia kwamba unalia. Maneno sikuambulia hata moja. Uliponyamaza nilijua umeniuliza kitu, na kwa aibu ya kukuomba urudie, nikasema ndiyo, nikiamini ndilo jibu la upole. Kuanzia hapo niliiogopa simu. Mpaka kadi yako ilipofika sikujua niliitikia nini. Miezi saba umeibeba ndiyo yangu. Nimelia, Orvokki, na nakuambia wazi kwa kuwa hatukuzoea kuambiana.

Wewe ndiye uliyemwogesha mama kwa miaka minne na nyonga yako mbovu, wakati mimi huku nikituma kadi za Krismasi. Ulimpeleka kule mikono yako ilipoishiwa nguvu, na kule alipata chumba chenye joto na mtu wa kumgeuza usiku.

Msalimie sana shemeji Martti, umwambie nami nimenunua mbegu za viazi. Kliniki wamenipangia mwezi Juni kupewa vifaa vya masikio. Kabla ya hapo usinipigie simu. Njoo, au niandikie nije mimi, tukae jikoni uso kwa uso, uniulize tena lile swali polepole, nikiitazama midomo yako. Nitakujibu hapana, na nitarudia kadiri utakavyotaka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Aulis