Kovu la Mama

Kaka Venance,

Shikamoo. Huku Babati mahindi yamekomaa, na ng'ombe wako amezaa jike.

Ulipokuwa mchoraji ulimchora mama bila lile kovu la shavuni, akafurahi hadi akalia. Sasa umekuwa mwandishi wa riwaya, umemrudishia kovu, tena umeandika kwamba baba ndiye aliyemchoma. Miaka yote mama aliwaambia watu kwamba aliangukia moto. Majirani hapa Maisaka walimsomea kitabu chako huku wanacheka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani.

Tulimzika Jumamosi. Picha yako ilitangulia jeneza, watu wakaulizana kovu liko wapi.

Namba yako ninayo, kaka. Sikukupigia makusudi, maana najua ungekuja na kalamu.

Mdogo wako,
Fabiola