Koti la Baba na Gauni la Zambarau

S.L.P. 61,
Bariadi.
18 Agosti, 1996

Mpendwa kaka yangu mdogo Mihayo,

Ng'wangaluka. Naamini barua hii inakukuta mzima hapo Morogoro, wewe na cherehani yako. Huku kwetu ni mhola, salama tu, ukiondoa kifua cha baba ambacho baridi ya Juni ilikichokoza na hakijatulia mpaka leo. Mama anakula vizuri na ulimi wake bado mkali, kwa hiyo usimhofie.

Anwani yako nimepewa na binamu yetu Salu, aliporudi kutoka huko alikofuata mitumba. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba, kwamba alikukuta kibandani kwako umevaa gauni, unawapima wateja wako, nao hawajali. Nikamuuliza kama lilikupendeza. Alifikiri kidogo, akakubali kwamba lilikupendeza. Nikamwambia basi apandishe sauti, hakuna aliyekufa.

Mambo ya hapa yamebadilika kuliko unavyodhani. Pamba siku hizi inanunuliwa na wanunuzi binafsi, wanakuja na magari yao hadi mlangoni. Mitumba imejaa gulioni na kila mtu anavaa kilichomkaa. Shangazi Nyanjige analima na maksai wake akiwa na suruali ya marehemu mume wake, na hata wanajumuiya wa kanisani wamechoka kumsema. Wasichana wanapanda baiskeli na suruali zao za jinzi kwenda Maswa. Sikudanganyi, wapo wanaosonya. Wanasonya, halafu wanaendelea na safari zao.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Ni koti la baba.

Miaka miwili iliyopita alilichagua mwenyewe kwenye lundo la mitumba mnadani. Zito, la kijani, limebana kiunoni, na ndani lina bitana ya maua. Amelipenda koti lile kuliko ng'ombe wake yeyote. Amelivaa kanisani, amelivaa mnadani, amekaa nalo kwenye vikao vya wazee akiamua kesi za watu. Sisi sote tuliona ni koti la Ulaya tu. Mwezi uliopita bitana ikachanika, nikampeleka kwa Thomasi, yule fundi wa barazani karibu na stendi. Thomasi akaligeuza, akatazama vifungo, akauliza mbele ya watu, "Mzee Shigela, hili la mama analihitaji lini?" Baba akasema ni lake. Thomasi, badala ya kunyamaza, akaanza kufundisha: vifungo vya upande huu ni vya kike, na mshono huu wa kifuani ni wa kuachia nafasi ya matiti. Baraza zima likacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Thomasi akajitolea kuhamisha vifungo. Baba akamwambia ashone bitana tu. Tuliondoka koti likiwa mkononi mwake, upepo unapiga, naye anakohoa. Tulipofika shuleni akasimama, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Akatembea nalo hivyo mpaka nyumbani.

Jumapili akaenda nalo kanisani. Watu walicheka Jumapili hiyo moja, ya pili walikuwa na mambo mengine ya kucheka. Mama akamuuliza kama haoni aibu. Akajibu, "Miaka miwili nimelivaa na ng'ombe wangu hawakunikimbia. Leo ndiyo wanikimbie?"

Mihayo, niliposikia maneno hayo nilikukumbuka wewe na msimu ule wa ngoma wa mwaka themanini na saba, kundi letu linashindana na watu wa Mkula, umevaa gauni langu la zambarau, umejifanya bibi harusi, na baba yuko mstari wa mbele anawaambia watu, "Yule wa kwangu." Msimu ukaisha. Wenzako wakavua mavazi yao ya ngoma, wewe ukavaa gauni kwenda gulioni. Na baba yule yule akalichana likiwa mwilini mwako, mbele ya watu. Alipouliza nani amekupa, nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka ulipokuwa. Ukasema umeiba. Akakufukuza kwa makosa mawili, gauni na wizi, nami nikanyamaza miaka tisa.

Sikuogopa kipigo. Nilikuwa nimeposwa, na niliogopa wakwe watasema nini. Naona aibu kuyaandika haya lakini ndivyo yalivyokuwa.

Basi nikamfuata baba zizini. Amevaa koti lake, anakagua ndama. Nikamwambia gauni lilikuwa langu, na kwamba nilikupa kwa mkono wangu kwa sababu uliliomba, na kwa sababu lilikukaa kuliko lilivyonikaa mimi. Akauliza, "Mbona alisema ameiba?" Nikasema, "Alinikinga mimi, baba." Akamwachia yule ndama. Kisha akaingia ndani, nami nikadhani nimeharibu kila kitu.

Kesho yake asubuhi akaniita. Akauliza kama ni kweli wewe ni fundi. Nikasema ni kweli, tena wa magauni ya harusi. Akauliza kama bado unavaa vile. Nikasema ndiyo, Salu amekuona. Nikasubiri matusi. Akalivuta koti kola, akatazama kifuani pake, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, mwandikie. Mwambie aje anitazamie hivi vifungo. Akiona vihamishwe, avihamishe. Akiona vikae, vikae."

Unamjua baba, neno samahani halijawahi kumtoka. Hayo ndiyo aliyosema, nami nimeyaandika bila kuongeza wala kupunguza.

Sikulazimishi. Una haki ya kukataa, na ukikataa nitakuandikia tena hivyo hivyo. Lakini ukija, njoo ulivyo. Usibadilishe nguo ukiwa njiani kwa ajili yetu. Nitakupokea stendi mwenyewe, nitakushika mkono mpaka nyumbani, tukipita pale pale barazani kwa Thomasi. Safari hii sitasimama hatua tatu.

Mama anakusalimu sana na kuuliza kama umenenepa. Shangazi Nyanjige anakusalimu na suruali yake. Mume wangu Deogratias anakusalimu, na watoto wetu Winnie na Athanasi wanataka kumwona mjomba wanayemsikia tu. Mungu akulinde wewe na kazi ya mikono yako, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Justina

Nimesahau: gauni la zambarau lipo. Mama aliliokota siku ile, akaliunga kwa uzi mweusi, na kila kiangazi hulitoa sandukuni akalianika. Jana baba amelikuta kambani, akaliacha. Ni lako. Nilikupa, hukuiba.